Pigo la Tatu Kutoka Chidulu

Gari haliendi mpaka mioyo miwili ikubali. Ndivyo ilivyokuwa kwenye reli ile, tangu mashine zilipoachiwa zenyewe zikayagonganisha magari mawili mchana kweupe, kila gari limeambiwa njia ni nyeupe, pita. Watu wakazika, wakalia, halafu wakasema basi. Mashine iendeshe, sawa, lakini ruhusa itoke kwa kiumbe mwenye damu. Kila kipande cha reli kikapewa walinzi wawili, mmoja mwanzo na mmoja mwisho, na kila mmoja akavishwa kikuku cha bati mkononi. Kikuku kile kinasikiliza moyo. Moyo wa huku upo? Upo. Wa kule upo? Upo. Taa ya kijani, gari linapita. Mmoja ukikosekana, gari linasimama hapo hapo lilipo, hata awe amepanda nani.

Kalunde alikuwa mlinzi wa mwisho wa kipande, stesheni ya Isuka. Ukisema stesheni mtu atafikiri kuna maduka na wauza karanga. Hakuna. Kulikuwa na nyumba moja, tangi la maji, kuku saba, na mkwaju mmoja ambao hata kivuli chake kilikuwa cha kubahatisha. Gari likipita halisimami, linapuliza vumbi ndani ya chai yake linakwenda zake Tabora. Mwanzo wa kipande, kilometa arobaini na mbili mashariki, ni Chidulu, na huko alikuwa Chilongani. Miaka kumi na mmoja wanalinda pamoja, na hawajawahi kuonana. Wataonanaje? Huyu akitoka gari halipiti, yule akitoka gari halipiti. Likizo wanapewa kwa zamu, gari dogo la ofisi linampeleka bibi kwao magharibi, bwana kwao Dodoma. Kama jua na mwezi, ila hawa walikuwa wanaongea.

Maana walinzi wa mwanzo kabisa walikuwa wanachanganyikiwa kwa upweke. Wengine waliacha kazi, mmoja alikutwa anagombana na tangi. Ndipo fundi mmoja, aliyekuwa na utu, akatengeneza kisanduku cha mbao, juu kimewambwa ngozi kama kingoma kidogo, akakiweka mezani kwa kila mlinzi. Moyo wa mwenzako unapiga pale kwenye ngozi. Ukitaka kuongea unabonyeza pembeni, unaongea. Mashine yenyewe ilikuwa inahesabu tu: upo, haupo. Kusikiliza waliachiwa watu.

"Isuka, umeamka?"

"Nimeamka tangu jogoo hajajua kama ni jogoo. Habari za Ugogo?"

"Ugogo nzuri. Nimekula mlenda."

"Kuna siku hujala mlenda wewe? Mkikosa mlenda si mnalia, nyie."

"Afadhali mlenda unateleza wenyewe. Nyie Wanyamwezi mlibebeshwa mizigo mpaka shingo zikaingia ndani. Hiyo yako ipo?"

"Shingo ninayo ndefu kama twiga. Ungeiona ungeacha mlenda."

Ndivyo walivyokuwa wanaongea. Mnyamwezi na Mgogo ni watani, na utani wao ni wa zamani, tangu enzi za kupishana njiani na pembe za ndovu kichwani. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku akaondoka, ukamwangalia tu. Anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja angeogopa kulisema. Huruhusiwi kununa. Neno la mtani halina kesi.

Sasa, yapata miezi mitano kabla ya hayo ninayotaka kuyaeleza, Kalunde alianza kusikia kitu kwenye kisanduku.

Moyo wa mtu mzima una mapigo mawili, kila mtu anajua. Tu-dum. Unapumzika. Tu-dum. Wa Chilongani ulikuwa hivyo miaka yote, mzito mzito, wa polepole, kama mwanamke asiye na haraka anatwanga. Halafu siku moja, mbele ya yale mawili, kikaingia kingine kidogo, kama mtu anabisha hodi kwa kidole kimoja. Ta-tu-dum. Ta-tu-dum.

Kalunde alipokisikia, kijiko kilimwanguka mkononi.

Alikuwa anakijua kile kipigo. Alikuwa ameolewa miaka kumi na tisa na marehemu Masanja, mpakuaji wa magunia pale Nzega, mwanamume kifua kama mlango. Kila jioni alikuwa akilaza kichwa kwenye kile kifua. Na mwaka wa mwisho wa ndoa yao alikisikia: ta-tu-dum. Akamuuliza, "Masanja, moyo wako una nini?" Masanja akacheka, akasema, "Una wewe." Basi ikabaki hivyo. Kalunde akaamini kwamba mwanamume akipenda sana, moyo unaongeza pigo. Nani angemwambia tofauti? Masanja alikufa mwaka ule ule, ghafla, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, na yeye akazika mtu aliyempenda mpaka moyo ukazidi.

Kwa hiyo pigo lile lilipokuja kutoka Chidulu, alinyamaza nalo kama msichana aliyeandikiwa barua. Hakusema. Lakini alianza kuchana nywele kabla ya salamu za asubuhi, wakati kisanduku hakina macho. Akatoa kitenge cha sandukuni, kile cha maua ya njano, akakivaa kulishia kuku. Hata sauti yake ilipungua ukali, mpaka Chilongani akamuuliza kama anaumwa. Miaka hamsini na minne, mjane, peke yake katikati ya pori, anapendwa kwa pigo la tatu. Nani wa kumcheka? Mimi simcheki.

*

Ilikuwa mchana wa jua kali. Gari la asubuhi limeshapita, la saa tisa bado. Chilongani alikuwa amelala baada ya kula, na alikuwa amesahau kukirudisha kitufe cha kuongelea, kwa hiyo Kalunde alikuwa anasikia vyote, moyo na kukoroma. Anachambua dagaa huku anatabasamu peke yake.

Halafu tabasamu likapungua.

Ta-tu-dum. Ta-tu-dum. Mtu analala, anakoroma kama trekta, na lile pigo lipo. Haya, labda anaota. Lakini hata jana alilala, lilikuwepo. Na alfajiri, kabla hawajasalimiana, lipo. Mtu hawezi kupenda saa ishirini na nne, Kalunde akawaza, hata ng'ombe akicheua anapumzika.

Chilongani akashtuka usingizini. Ikasikika pumzi, ile ya mtu aliyetoka majini. Kitanda kikalia. Halafu sauti, anajisemea mwenyewe: "Mto huu nao umeshuka tena."

Kalunde aliacha dagaa.

"Chilongani."

"Eh! Kumbe uko hewani?"

"Unalalia mito mingapi?"

"Mtani, hayo ni maswali ya kuulizana mchana?"

"Mingapi?"

"Mitatu. Ukilala chini hewa inakuwa nzito huku kwetu. Ni hili joto."

Joto. Masanja alisema ni vumbi la magunia. Naye alianza na mito miwili, ikawa mitatu, mwisho akawa analala amekaa, ameegemea ukuta, na Kalunde amemwegemea yeye, anasikiliza anavyopendwa.

"Na ngazi ya tangi unaipanda?"

"Naipanda."

"Mara moja tu hadi juu?"

"Napumzika katikati naangalia nchi. Nchi nzuri huku." Akacheka, lakini cheko lilikatika kwa kukosa pumzi.

"Kichwa?"

"Kisogoni hapa, asubuhi asubuhi. Kikipigwa na jua kinaacha."

"Soksi zikivuliwa zinaacha alama mguuni?"

Kwenye ngozi ya kisanduku moyo ulikimbia kidogo, na lile pigo la kidole likikimbia mbele yake.

"Kalunde," akasema, na hakuwa na utani kwenye sauti, "nani kakuambia habari za soksi?"

*

Ukutani kwa kila mlinzi kulikuwa na kifungo chekundu. Sheria yake ilikuwa fupi: ukisikia moyo wa mwenzako una kasoro, bonyeza. Ukibonyeza, jioni hiyo hiyo linakuja gari dogo, mwenzako anavuliwa kikuku, kwenye karatasi yake inaandikwa "moyo mbovu", na havai tena kikuku hadi anaingia kaburini. Ofisi haitaki kujua kasoro ni kubwa au ndogo, imeanza jana au inaisha kesho. Embe likiwa na doa linatupwa, habari imekwisha.

"Usinibonyezee," Chilongani alisema.

"Sijasema nabonyeza."

"Nakusikia unapumua. Umesimama karibu na ukuta."

Kweli alikuwa amesimama karibu na ukuta.

"Chilongani, mume wangu alikufa na moyo huu huu. Niliusikia mwaka mzima. Nilikuwa na sikio juu yake nikadhani..." Akaishia hapo.

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani ujinga. Nenda hospitali."

"Nitaendaje? Nikiomba ruhusa ya hospitali wataniuliza naumwa nini. Nikisema moyo, ndiyo kifungo chekundu hicho hicho, nimejibonyezea mwenyewe." Akavuta pumzi, akatulia. Alikuwa mtu wa maneno mengi ya mchezo, maneno ya kweli yalimtoka kwa shida, moja moja, kama maji ya kisima kilichokauka. "Nikwambie ukweli. Mke wangu alishaniacha kabla ya kazi hii. Binti yangu Nyemo yuko mbali, ana wake. Ananipenda, lakini akinipigia simu anauliza baba mzima, nasema mzima, anakata. Miaka kumi na mmoja kuna mtu ananisikia, Kalunde. Usiku na mchana. Nikishuka hapa nitakuwa mzee kama wazee wengine, moyo unapiga peke yake na hakuna anayejua kama umepiga. Niache nife nasikika."

Kalunde alirudi kukaa. Dagaa walikuwa wamesambaa mezani, na paka hana, angekuwa naye wangekuwa wameliwa.

Akibonyeza, anamuua mtu akiwa hai. Asipobonyeza, atakaa pale, na kitenge chake cha maua ya njano, asikilize mpaka siku ngozi itakaponyamaza. Ameshafanya hivyo mara moja. Ile ya kwanza alikuwa hajui. Hii anajua.

Na kumbuka, akimwacha, anabaki naye. Hilo ndilo lililomtia aibu, kwamba njia rahisi ndiyo ile aliyokuwa anaitaka.

Alifikiri mpaka kivuli cha mkwaju kikahama. Akafikiria kuku, kwamba mtani anachukua kuku wa mtani wake haombi. Akafikiria gari la saa tisa, ambalo saa hiyo ndiyo linafika Chidulu. Katika kila gari kulikuwa na mlinzi wa akiba na muuguzi. Na kulikuwa na sheria nyingine, ya zamani, hakuna aliyeitumia kwa sababu hakukuwa na haja: gari likizuiliwa, muuguzi anashuka kumpima mlinzi wa pale lilipozuiliwa, maana mashine haijui moyo uliokosekana ni wa upande gani. Na kipimo cha muuguzi hakiendi ofisini. Cha muuguzi ni siri yake na mgonjwa wake. Mgonjwa anapewa dawa, anapewa cheti, anakwenda, akipona anarudi kikuku chake mkononi.

Gari litokalo mashariki, likikosa moyo wa Isuka, linasimama Chidulu.

Na mlinzi anayevua kikuku gari likiwa njiani, sheria yake kila mtu aliijua. Huyo hasubiri hata kuandikiwa barua.

Saa tisa kasoro dakika nane alienda nje akawamwagia kuku mtama, mwingi kuliko kawaida. Akarudi ndani. Akakaa mbele ya kisanduku. Ta-tu-dum.

"Chilongani."

"Bado umenuna?"

"Nakuja kuchukua kuku wangu," akasema, akafungua kikuku, akakiweka juu ya meza. Mkono ulikuwa na alama nyeupe, kama mkono wa mtu mwingine.

*

Kitu cha kwanza kilikuwa sauti ya ofisi, inatoka darini. "Moyo mmoja hausikiki. Chidulu, Isuka." Hakujibu. Cha pili kilikuwa moyo wa Chilongani, ukaanza kukimbia kwenye ngozi kama mbuzi walioona fisi.

"Kalunde? Kalunde! Kisanduku kimenyamaza! Kalunde, jamani, uko wapi?"

Hapo ndipo ilipomuuma. Hakuwa amewaza kwamba naye, kule, atasikia ukimya. Alitamani kubonyeza aseme nipo mzima, mpumbavu wewe, nipo. Akaikalia mikono yake. Akisema tu, ofisi itajua kasoro iko Isuka, na muuguzi hatashuka.

Akasikia breki, mbali, kupitia kwenye kisanduku, kitufe cha Chilongani bado kikiwa wazi. Gari ambalo halijawahi kusimama Chidulu kwa miaka kumi na mmoja likasimama. Hatua kwenye kokoto. Sauti ya mwanamke: "Shikamoo baba. Naitwa Sista Leokadia, muuguzi wa gari. Kaa hapo."

"Mimi sina kitu, binti. Ni yule wa Isuka! Moyo wake umekatika! Nendeni kwake!"

"Sheria inasema naanza na aliye mbele yangu. Lete mkono."

Mpira ukapulizwa, fyu, fyu, fyu. Ukashuka. Ukapulizwa tena, upande wa pili.

"Baba, mia na tisini na nne juu, mia na kumi na mbili chini. Una muda gani na presha hii?"

"Presha? Mimi sijawahi kuumwa."

"Ndiyo kazi yake. Haiumi, inafanya." Akaweka chombo kifuani, na kwa muda mfupi watu wawili walikuwa wanausikia moyo ule ule, mmoja Chidulu na mmoja Isuka. "Vua viatu... Miguu imeanza kujaa. Unalala vizuri?"

"Kwa mito mitatu," akasema Chilongani taratibu. Alikuwa ameanza kuelewa.

"Nisikilize, baba. Damu yako inasukumwa kwa nguvu kubwa mno, miaka na miaka. Moyo nao ni nyama. Mpagazi akibeba mizigo mizito mkono wake unanenepa, si ndiyo? Sasa mkono ukinenepa ni sifa, lakini ukuta wa moyo ukinenepa unakuwa mgumu, haukunjuki vizuri kupokea damu. Mimina maji kwenye kiriba cha ngozi, hayana sauti. Mimina kwenye debe jipya, yanagonga. Chumba cha juu cha moyo wako kinasukumia damu kwenye debe. Hilo pigo moja la ziada nalisikia hapa. Ndiyo dalili ya mwanzo."

"Mwanzo wa kufa?"

"Mwanzo wa kuharibika. Haujaharibika. Ukipata dawa kila siku, ukaacha chumvi..." Kikasikika kitu kinasogezwa. "Hiki kibakuli mezani ni chumvi?"

"Ni ya mlenda."

"Baba!"

Kule Isuka, Kalunde alicheka, na machozi yakamshuka humo humo kwenye cheko.

"Mwaka mmoja, miwili," Sista akaendelea, "ukuta unaweza kulainika. Ungechelewa hivyo hivyo, ungeanguka siku unafunga viatu. Unakuja na mimi Tabora, wiki sita. Mlinzi wa akiba atashika hapa. Ukirudi na cheti changu, nafasi yako ipo."

Kalunde akavaa kikuku. Akabonyeza.

"Ofisi, hapa Isuka. Mimi mzima. Nilikivua mwenyewe, kwa makusudi."

Halafu ile sauti ya darini, bila hasira, kama inasoma bei ya sukari: mlinzi mpya atafika kesho, fungasha.

*

"Umenifanyia nini, wewe mwanamke?" Chilongani alikuwa amebaki peke yake kidogo, Sista ameenda kumwita yule wa akiba. "Mimi nimeokoka nitarudi hapa, na wewe hupo. Nitarudi kwa nani?"

"Utarudi kwa mlenda. Usio na chumvi."

"Sicheki."

"Neno la mtani halina kesi, Chilongani. Wala kuku aliyechukuliwa harudishwi."

Moyo ukapiga. Wote wawili wakausikiliza. Kikuku cha Kalunde nacho kilikuwa mkononi tena, kwa hiyo Chilongani naye alikuwa anamsikia.

"Ulisema ulidhani kitu," akasema. "Mchana. Hukumaliza."

Kalunde aliangalia kitenge chake. Kesho hatakuwepo. Aibu ya nini tena? "Nilikuwa nasikia pigo la tatu miezi mitano. Nikadhani ni mimi."

Chilongani hakucheka. Kule Chidulu gari lilipiga honi, wanamharakisha.

"La tatu ni la ugonjwa," akasema. "Kaseme kila mahali ni la ugonjwa, Sista kasema. Lakini yale mawili ya kwanza, Kalunde, miaka kumi na mmoja, ulidhani yanampigia nani?"

Kalunde akaweka kiganja juu ya ngozi ya kisanduku.

"Nikipita nitakujuaje?" akauliza bwana.

"Mtu yupo mmoja tu huku. Huyo."

"Nitatoa kofia dirishani."

Alichana nywele. Akatoka akasimama karibu na reli, kitenge cha maua ya njano, shingo ameinyoosha kwa makusudi, kuku wamemzunguka. Moshi wa vumbi ukaonekana mbali, ukakua, ukawa gari. Halisimami Isuka, halijawahi. Madirisha yote yalikuwa yanawaka jua, huwezi kuona mtu. Halafu kwenye behewa la tatu mkono ukatoka na kofia ya kahawia, imechakaa ukingoni. Mkono ulikuwa chini kuliko alivyotegemea. Siku zote alimwazia mrefu. Kumbe mfupi.

Akainua wake, ule wenye kikuku. Likapita. Vumbi likatua juu ya kuku, juu ya kitenge, juu ya nywele zilizochanwa.

Aliporudi ndani kisanduku kilikuwa kinapiga. Moyo wa yule wa akiba, kijana bila shaka, tu-dum, tu-dum, safi, hauna doa hata moja. Kalunde alivuta kiti akakaa nao mpaka jua likazama, kwa adabu, maana si kosa la yule kijana kwamba si yeye.